KIBARAZANI KWETU: Mgeni Asiyekula Ugali

Juma lililopita niliahidi kuandika habari za mbolea. Mnisamehe, maana nyumba yangu imepata mgeni. Mgeni mwenyewe hali ugali wala hanywi uji, lakini fedha anakula sana. Ni simu janja, ile ya kioo kitupu, ambayo mwanangu wa kwanza aliniletea kutoka Dar es Salaam.

Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto siku ya Noeli. Herufi zake ni kubwa, nazisoma bila miwani. Jioni nikaonana uso kwa uso na mjukuu wangu aliyeko Mwanza, akanionyesha jino lililong'oka. Majirani wakajaa uani kutazama. Mke wangu naye alitazama, kisha akauliza neno moja tu: "Na huyu anakula nini?" Nikamcheka. Kumbe ndiye aliyeuliza la maana.

Kijana wa dukani aliniunga kifurushi cha juma moja kwa shilingi 3,000. Ndani ya kifurushi mlikuwa na vitu vitatu: dakika za kuongea, ujumbe mfupi, na data, yaani chakula cha intaneti. Data hupimwa kwa MB na GB, kama sisi tunavyopima mahindi kwa kibaba na gunia. MB 1,000 hivi ni GB 1. Tena jueni kwamba ghala hizi tatu kila moja ina mlango wake. Dakika zikiisha, data haiwezi kwenda kuziba nafasi yake.

Nilinunua Jumatatu. Jumatano jioni ukaja ujumbe kwamba nimekwisha tumia robo tatu ya data yangu. Alhamisi asubuhi, sifuri. Nami sikuwa nimetazama sinema hata moja! Dakika nazo nilikuwa nimezimaliza kwa kuwapigia ndugu wote, kuwatangazia kwamba nina simu mpya.

Usiku wa Alhamisi ile mjukuu wangu mwingine, huyu wa miaka minne tunayekaa naye, akashikwa na homa kali. Mwili uliwaka moto, akawa anatetemeka na kuweweseka. Yapata saa saba usiku, na zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikashika simu yangu nzuri nimwite kijana wa bodaboda. Sauti ya mwanamke ikanijibu kwa upole kabisa kwamba salio langu halitoshi.

Ndugu zangu, nilisimama gizani nimeshika kitu chenye thamani ya mbuzi, kinang'aa kama taa ya karabai, nisiweze kumwita mtu wa kitongoji cha pili. Mke wangu hakusema neno. Alitoa kitochi chake, kile kilichofungwa kwa mpira, ambacho daima huacha ndani yake shilingi 500 asiziguse. Akapiga. Bodaboda akaja. Mtoto alipimwa, akaonekana ana malaria, akapewa dawa mapema. Leo anakimbiza kuku hapa uani ninapoandika.

Jumamosi nikamwendea mwalimu wa shule yetu, nikiwa na hasira, nikamwambia nimeibiwa. Akaichukua simu, akafungua mahali pa mipangilio panapoonyesha kila programu imekula data kiasi gani. Hapo aibu ikanishika. Aliyeniibia ni mimi mwenyewe.

Kwanza, niliingizwa katika makundi manne ya WhatsApp: la ukoo, la kwaya, la ushirika wa tumbaku na la harusi. Kila picha na video iliyotumwa humo, simu iliipakua yenyewe, hata nisipoitazama. Pili, programu zilijisasisha zenyewe usiku, maana nililala nimeacha data wazi. Tatu, yale mazungumzo ya uso kwa uso hula data nyingi kuliko sauti peke yake. Mwalimu akafunga milango hiyo mmoja mmoja, na kazi yote haikuchukua hata nusu saa.

Lakini liko jambo moja ambalo sikumwachia. Kifurushi kile kilikuwa cha siku saba, na ambacho ningebakiza siku ya saba kingekufa pamoja nayo. Hilo bado naliona gumu. Gunia la mahindi nililolinunua kwa fedha yangu halipotei ghalani kwa amri ya muuzaji. Mwalimu akasema, "Basi, Mzee, nunua kwa kadiri ya kazi uliyo nayo, na usome muda wake kabla ya kubonyeza." Ni shauri jema, nami nawapa ninyi.

Mengine niliyojifunza ni haya. Usimalize salio lote: weka akiba ya kupiga simu moja. Namba 112 ya dharura ya polisi, na 115 ya usafiri wa dharura wa mama wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga, hupigwa bure hapa Tanzania. Ziandikeni ukutani. Tena, tangu tuliposajili laini kwa alama za vidole, kazi iliyoanza mwaka 2019, unaweza kubonyeza *106# ukaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda ukaifute. Na ukiletewa ujumbe wa "ile fedha itume kwenye namba hii", usitume hata senti moja. Namba ya siri ya fedha zako usimtajie mtu, hata akijiita mkubwa wa kampuni.

Je, nimeichoka simu? Hapana. Mjukuu wa Mwanza namwona kila Jumapili, na bei ya mahindi mjini naipata kabla dalali hajafika. Lakini nyumbani kwangu sasa kuna sheria moja: kabla sijanunua data, naweka kwanza shilingi 500 za usiku wa hatari. Mke wangu ndiye mkaguzi.

Juma lijalo, mbolea. Sitasahau tena.

Ni mimi, Mzee wa Kibarazani.