Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kihispania Kifundishwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutujia midomoni kwa wepesi tunapompokea mgeni nyumbani. Lakini mgeni huyo anapokuwa lugha, sisi wapenzi wa Kiswahili huwa wa kwanza kumfungia mlango. Katika mijadala ya vyama vyetu vya wanafunzi, Kifaransa, Kijerumani na Kichina aghalabu hutajwa kama mahasimu waliokuja kukinyang'anya Kiswahili vipindi na wanafunzi. Makala haya yananuia kuonyesha kinyume cha dhana hiyo. Hoja yangu ni kwamba lugha ya kigeni ikifundishwa kupitia Kiswahili humnufaisha mwanafunzi, na hukipa Kiswahili kazi ya kitaaluma ambayo hadi leo kimenyimwa. Nitatumia Kihispania kama kielelezo, na mwanafunzi wa shule ya upili mjini Kerugoya kama mlengwa.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Lugha za kigeni zinazotahiniwa katika mtihani wa KCSE ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Mnamo Januari 2019, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya ilitangaza kuwa Kichina nacho kingefundishwa katika shule za msingi chini ya mtaala mpya wa umilisi. Kihispania hakimo katika orodha ya KCSE. Anayetaka kukisoma tangu hatua ya kwanza hadi ya juu hana budi kwenda katika shule za kibinafsi zinazofuata mitaala ya kimataifa, ambazo karo yake haikaribiwi na mkulima wa kahawa au wa mpunga. Hata Kifaransa na Kijerumani hupatikana zaidi katika shule kubwa za bweni kuliko katika shule za kutwa za vijijini. Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Lugha ya kigeni imekuwa alama ya tabaka, na mtoto wa Kutus au Kagio hukua akiamini kuwa lugha hizo ni za watu wengine.

Je, Kihispania kinamhusu nini mtoto huyo? Huenda msomaji akashangaa kusikia kuwa kimo shambani mwa babake. Miche ya Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka wa 1985 ili kukabiliana na ugonjwa wa kuoza kwa matunda na ule wa kutu ya majani, ilizalishwa kwa kuchanganya kahawa za hapa na Catimor iliyoletwa kutoka Colombia. Colombia, Honduras na Guatemala, nchi zinazoshindana na Kirinyaga katika soko la kahawa la dunia, zote huzungumza Kihispania. Sehemu kubwa ya elimu ya wakulima na watafiti wao imeandikwa katika lugha hiyo. Isitoshe, Kihispania ni lugha ya Afrika pia. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru wake kutoka Uhispania mwaka wa 1968. Itifaki ya marekebisho ya sheria ya msingi ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa mwaka wa 2003, ilikiorodhesha Kihispania bega kwa bega na Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Waama, lugha hizi mbili tayari zimeketi meza moja.

Na hata neno hilo "meza" ni ushahidi. Tulilipokea kutoka kwa Wareno, na Mhispania husema "mesa". "Bendera" yetu ni "bandera" yao. Kiarabu nacho kilitulea sote wawili: "sukari" yetu ni "azúcar" yao, na "hata" yetu ni ndugu wa "hasta" yao. "Jabali" kwetu ni mwamba mkubwa, ilhali "jabalí" kwao ni nguruwe mwitu, mnyama wa milimani. Mwanafunzi anayeonyeshwa haya katika wiki ya kwanza hahisi tena kuwa ameingia nchi ya ugenini.

Tukija kwenye sauti, irabu za Kihispania ni tano, nazo ni zile zile za Kiswahili: a, e, i, o, u. Mwanafunzi wa Kerugoya ana faida nyingine asiyoijua. Sauti zinazowakilishwa na b, d na g katika Kihispania hulegea zinapokuwa kati ya irabu, na wasemaji wa Kiingereza huzikosea mara kwa mara. Sauti hizo zimo katika Gĩkũyũ: ya kwanza imo katika "baba", ya pili katika "thĩna", na ya tatu katika jina lenyewe la lugha hiyo. Mtoto wa Ndia au Gichugu huzitamka kabla hajaingia shuleni. Kwa upande mwingine, atakabiliwa na tatizo ambalo walimu wa Kiswahili wa maeneo ya Mlima Kenya wanalifahamu fika, yaani utatanishi wa l na r. Anayesema "kura" akimaanisha "kula" atasema "pero", yaani "lakini", akimaanisha "pelo", yaani "nywele". Hata hivyo, mwalimu wake wa Kiswahili ameshaanza kazi hiyo. Palipolainishwa na Kiswahili, Kihispania hupita kwa urahisi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya sarufi. Mfumo unaotumiwa sana kupima viwango vya ujuzi wa lugha ni ule uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka wa 2001, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Tuzipande ngazi hizo kwa ufupi tukiwa na Kiswahili mkononi.

Katika ngazi za mwanzo, mwanafunzi hukumbana na vitenzi viwili vinavyotafsiriwa kwa Kiingereza kwa kitenzi kimoja tu. "Es maestra" ni "ni mwalimu", lakini "está en Kerugoya" ni "yuko Kerugoya". Anayefundishwa kwa Kiingereza hukariri kanuni ndefu, ilhali Mswahili hutenganisha "ni" na "yuko" kila siku. Matumizi mengine ya vitenzi hivyo yatahitaji mazoezi, lakini mlango umeshafunguliwa. Upatanisho wa kisarufi nao haumtishi. "Libro nuevo" ni "kitabu kipya", na "libros nuevos" ni "vitabu vipya". Aliyezimudu ngeli zetu hawezi kushindwa na jinsia mbili tu za nomino za Kihispania. Tena, kiambishi cha mtendwa tunachokiweka kabla ya mzizi wa kitenzi, kama katika "ninamwona", hulingana na "lo veo", ambapo mtendwa hutangulia kitenzi vilevile.

Katika ngazi za kati, kizingiti kikubwa ni wakati uliopita. Kihispania hutofautisha "leyó" na "leía". Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza tofauti hiyo. Kwa Kiswahili inatosha kusema kuwa ya kwanza ni "alisoma" na ya pili ni "alikuwa akisoma", au "alikuwa husoma" kwa jambo la mazoea.

Katika ngazi za juu huja dhamira tegemezi, ambayo imewakatisha tamaa wanafunzi wengi duniani. Kiingereza husaidia kidogo mno hapa. Kiswahili kinayo. Tunasema "anapika", kisha "nataka apike". Mhispania husema "cocina", kisha "quiero que cocine". Lugha zote mbili hugeuza irabu ya mwisho kutoka a hadi e! Ni kweli kuwa vitenzi vya Kihispania vya makundi mengine hufanya kinyume, hugeuza e kuwa a, lakini wazo ni lile lile. Methali niliyoanza nayo imebeba umbo hilo katika neno "apone".

Baadhi ya wahadhiri watauliza iwapo huku si kumwongezea mzigo mwanafunzi ambaye Kiswahili chenyewe hajakimudu. Swali hilo ni la haki. Lakini tukumbuke jinsi wengine walivyojifunza lugha zetu. Edward Steere alipochapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Zanzibar mwaka wa 1870, aliuandika kwa Kiingereza. A. R. Barlow, mmishonari wa Kiskoti aliyefanya kazi Tumutumu, Nyeri, alieleza sarufi ya Gĩkũyũ kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka wa 1914. Kila mmoja aliiendea lugha ya ugenini kwa kuegemea lugha aliyoijua. Ni sisi tu tunaokubali kuiendea lugha ya kigeni kwa kuegemea lugha nyingine ya kigeni. Fauka ya hayo, mwanafunzi anayelinganisha "apike" na "cocine" hulazimika kuichunguza sarufi ya Kiswahili kwa makini kuliko anayekariri majibu ya mtihani.

Kikwazo cha upungufu wa walimu na vitabu hakiwezi kupuuzwa. Ndiyo maana wito wangu hauelekezwi kwa Wizara ya Elimu peke yake. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zina wanafunzi wanaoandika tasnifu kila mwaka, nyingi zikirudia mada zilizokwisha kuchakaa. Baadhi ziwe sarufi linganishi za Kiswahili na Kihispania, Kifaransa au Kichina, zilizoandikwa kwa lugha atakayoielewa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Walimu wanaofunzwa waruhusiwe kuoanisha Kiswahili na lugha ya kigeni kama masomo yao mawili ya kufundishia. Vyama vyetu navyo, vinapozuru shule za upili, visiishie kukariri mashairi na kugawa vyeti. Vianzishe huko vikundi vya lugha, hasa katika shule za kutwa zisizo na mwalimu wa lugha yoyote ya kigeni.

Tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha siku yake. Heshima hizo ni kubwa, lakini lugha hukua kwa kazi inayopewa. Siku binti wa mkulima wa Kerugoya atakapofungua kitabu cha Kihispania akakuta maelezo yake yote kwa Kiswahili fasaha, tutakuwa tumempokea mgeni ipasavyo, na mwenyeji atakuwa amepona. Kazi hiyo ni yetu. Tuianze.