Akisema Anaoa kwa Muda Tu

Mwezi huu tuongee habari ya ndoa za makaratasi. Huku kwetu Ipelele, na hata nikishuka Njombe au Makambako, kisa ni kile kile: kijana kaenda Marekani kwa viza ya matembezi au ya masomo, muda umeisha, kabaki anabeba maboksi. Nyumbani kaacha mke, mtoto na shamba la viazi. Siku moja simu inalia: "Mama watoto, vumilia. Naoa huku kwa muda tu nipate makaratasi, halafu nakufuata."

Wapo wanaokubali. Siwacheki, maana ada za shule na mabati hayasubiri. Lakini dada yangu, kabla hujasema ndiyo, jua unachokubali.

Kwanza, hawezi kuoa kihalali kule huku ndoa yenu ikiwa hai. Fomu za uhamiaji zinauliza ndoa zote za nyuma na zilivyokwisha. Basi ama atakukana kwenye karatasi, ama atakupa talaka ya kweli. Na talaka ya mahakama haina "kwa muda tu".

Pili, kuna jela. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inasema anayefunga ndoa ili kukwepa sheria za uhamiaji anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini hadi dola 250,000, au vyote viwili. Tena akibainika, ombi lolote la kifamilia kwa ajili yake hukataliwa, hata kama baadaye atampata mwenza wa kweli.

Tatu, hizo siku zenyewe. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku anapokubaliwa, hupewa ukazi wa masharti wa miaka 2. Katika siku 90 za mwisho, wawili hao wanaomba pamoja masharti yaondolewe, wakionyesha mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, picha za familia. Maana yake wanatakiwa kuishi kama mke na mume, nawe uko kwenye baridi ya Ipelele unahesabu miezi.

Na ile ahadi ya "nakufuata"? Aliyepata ukazi kwa ndoa, akimwombea mke mwingine kabla ya miaka 5 na hajawa raia, anatakiwa athibitishe kwa ushahidi mzito kwamba ndoa ya kwanza haikuwa ya hila. Ajabu, eti! Ili akuchukue wewe, lazima athibitishe kwamba yule alimpenda kweli.

Sasa, wapo wasio na mke nyumbani, waliopendana kweli na raia wa Marekani wakati viza imeshakwisha. Hao wasikate tamaa. Aliyeingia kwa kukaguliwa mpakani, akaolewa au akaoa raia, kwa kawaida anaweza kuomba ukazi akiwa humo humo, na kuzidisha siku peke yake hakumfungii mlango. Ila mwenza akiwa mkazi tu, siyo raia, msamaha huo haupo.

Kosa kubwa ni kukimbilia nyumbani kabla mambo hayajakaa sawa, eti msiba au harusi. Kwa sheria ya mwaka 1996, aliyezidisha zaidi ya siku 180 akitoka anaweza kufungiwa miaka 3. Akifikisha mwaka mzima, miaka 10. Tena Desemba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza kuanzia 1 Januari 2026. Mwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, siyo mshikaji wa kijiweni.

Kwako dada uliyepigiwa simu: muulize jina lako litaandikwa wapi kwenye fomu ile. Akikwepa, jibu umepata. Mwite mshenga, waite wazee wa pande zote mbili, aseme mbele yao. Mume anayerudi na begi moja bado ni mume.

Tukutane mwezi ujao.