Juu ya Unyakuo, na Wanaotutajia Siku

Muhula hata muhula kuna mjadala mmoja unaorudi bwenini baada ya taa kuzimwa, wala hauhusu mpira. Ni habari ya unyakuo. Wako wasemao kwamba Bwana Yesu atawatwaa watu wake kwanza, ndipo dhiki kuu ya miaka saba iwaangukie waliobaki. Wako wasemao atawatwaa katikati ya dhiki hiyo. Wengine washika kwamba waumini wataipita dhiki yote na kumlaki Bwana mwishoni. Tena tuko sisi Walutheri, pamoja na Wakatoliki, ambao kwetu hakuna kuja kwa mafungu mawili: Bwana atakuja mara moja kuwahukumu watu wote, basi.

Mimi sina ugomvi na mjadala wenyewe. Watu wenye elimu na uchaji kutupita sisi wamehitilafiana juu yake. Fundisho la kutwaliwa kabla ya dhiki lilienezwa na John Nelson Darby tangu miaka ya 1830 huko Ireland na Uingereza, likapata nguvu Marekani kwa Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotolewa mwaka 1909, nalo limetufikia sisi kwa mikutano ya injili, kwa redio, na siku hizi kwa simu. Atakaye kushika upande wowote na ashike, mradi afungue Biblia yake na kusoma sura nzima, asitegemee mstari mmoja aliouokota kwa mhubiri. Ninalolipinga mimi ni jambo jingine, ambalo watu hulichanganya na hili: kutaja siku, kisha kumwambia mtu aache kazi yake kwa ajili ya siku hiyo.

Mwezi wa Septemba 2025 jambo hilo lilifika hata kwetu Kakesio. Mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alikuwa ametangaza kwamba unyakuo ungetokea tarehe 23 au 24 ya mwezi ule, na maneno yake yakazunguka dunia. Kwetu mtandao wa simu ni wa kubahatisha, lakini habari ya namna hii haikosi njia. Nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi kijana mmoja alipoileta bomani kwetu. Babu yangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni siku gani ya juma. Akaambiwa Jumanne.

“Vema, mwanangu,” akasema. “Na Jumatano ng’ombe watanyweshwa na nani?”

Kijana akajibu kwamba wenye ng’ombe watakuwa wamekwenda zao. Babu akasema hakusikia ng’ombe wakitajwa katika safari hiyo.

Tulicheka sana, walakini si wote waliocheka. Jirani yetu mmoja alikuwa amekusudia kuuza beberu ili mwanawe apate viatu na madaftari. Akaona ni afadhali angoje tarehe ile ipite. Ilipita, na mtoto akarudi shuleni akiwa amechelewa majuma mawili. Na hapa shuleni mwenzetu wa Kidato cha Nne, ambaye sitamtaja, aliacha kabisa masomo ya usiku. Alisema haoni maana ya kukariri kanuni za fizikia zitakazoteketea pamoja na dunia. Tarehe 25 alikuwa kwenye mstari wa uji kama sisi sote. Mtihani wa Taifa ulimngoja mwezi wa Novemba, naye alikuwa amepoteza majuma ambayo hakuna mhubiri awezaye kuyarudisha.

Walio upande wa mwenzetu huyo walinionyesha maandiko yao, nami nikayasoma. Mstari waupendao zaidi ni ule wa Wathesalonike wa Kwanza, sura ya nne, ambapo Paulo aeleza jinsi walio hai watakavyonyakuliwa mawinguni. Mstari huo ni wa kweli nami nauamini. Lakini barua ile ilikuwa na ndugu yake. Kanisa lile lile la Thesalonike, baada ya kusikia habari hizo, liliingiwa na hofu kwamba siku imekwisha kufika, na baadhi ya watu wake wakawa hawafanyi kazi. Ndipo katika barua ya pili Paulo akawaonya wasifadhaishwe na habari za namna hiyo, na katika sura ya tatu akasema wazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Basi wale waliofundishwa unyakuo na mtume mwenyewe ndio hao hao walioamriwa kurudi kazini.

Nendeni pia kwenye Mathayo 24, ambamo Bwana mwenyewe asema siku na saa haijulikani hata kwa malaika. Mistari michache mbele atoa mfano wa watu wawili shambani, mmoja akatwaliwa, na wanawake wawili wakisaga, mmoja akatwaliwa. Wataalamu hubishana hapo kama anayetwaliwa ndiye aliyeokoka au ndiye aliyechukuliwa kama watu wa gharika, na ubishi huo una hoja nzuri pande zote mbili. Lakini hakuna abishaye juu ya mahali walipokuwa. Walikuwa shambani, walikuwa kwenye jiwe la kusagia. Hata huyo aliyetwaliwa alikutwa kazini.

Labda mtu atasema ninakuza jambo dogo, kwamba beberu mmoja na majuma machache ya masomo si msiba. Namwomba atazame jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi, na kabla kazi haijakwisha maiti zilizofukuliwa zilipita 400. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na ilielezwa kwamba waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2024 alikana mashtaka, na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Lakini mambo mawili yajulikanayo juu ya habari ile yanatugusa sisi wanafunzi. La kwanza, mahubiri hayakuanza na njaa. Miaka kabla ya msitu, mhubiri huyo alikuwa akikataza watoto kwenda shule na wagonjwa kwenda hospitali. Mwaka 2017 alikamatwa kwa ajili ya mambo hayo. Shule ndiyo iliyotangulia kuachwa, na chakula kikafuata. La pili, habari za wakati ule zilisema kwamba watoto ndio waliopangwa kufunga kwanza.

Uganda nao walikwisha kuona mfano wake. Huko Kanungu viongozi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu walifundisha kwamba dunia itakwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Watu waliuza mali zao. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki, na wenye mali wakaanza kuuliza maswali. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea pamoja na mamia ya watu ndani yake, milango ikiwa imefungwa, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Tarehe iliyotajwa ikishindwa, aliyeitaja huwa mtu wa hatari kuliko siku alipoitaja.

Si kila waliokosea tarehe waliishia hivyo, na haki yataka niseme. Huko Marekani wafuasi wa mkulima mmoja mhubiri, William Miller, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, ambayo nayo ilikuwa Jumanne (Babu angelifurahi kulijua hilo). Baadhi yao waliacha viazi vyao ardhini bila kuvuna. Siku ikapita, wakalia. Lakini katika mabaki ya kundi lile lilitokea kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, ambalo jina lake lenyewe ni la kungojea. Hao waliacha habari ya kutaja tarehe. Wamisionari wao walifika Upare mwaka 1903, na miongoni mwa kazi zao walijenga shule. Nawaheshimu kwa hilo. Mtu anayengoja kwa dhati, na huku anajenga darasa, ndiye ninayemwelewa.

Kuhusu dalili za mwisho, sisi wa Tarafa ya Ngorongoro tusijivunie kuziona wa kwanza. Mwezi wa Julai 2007, kabla wengi wetu wa Kidato cha Tatu hatujazaliwa, ardhi ilitetemeka siku nyingi hata Nairobi wakasikia, na Septemba Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu, ukalipuka na kumwaga majivu. Kama ni matetemeko, hayo. Na kama ni dhiki, babu zetu wana neno lao, Emutai, la miaka ya mwishoni mwa karne ya 19, ambapo homa ya mapafu na sotoka zilimaliza ng’ombe na ndui ikamaliza watu. Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta Wamaasai walioshikwa na njaa. Mtu wa siku zile angeambiwa dunia imekwisha, angekuwa na ushahidi zaidi ya simu. Hata hivyo waliosalia walitafuta mtamba mmoja mmoja mpaka maboma yakajaa tena; tusingekuwako sisi kubishana bwenini. Laetoli, upande ule ule wa kwetu, mwaka 1978 zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, juu ya majivu ya volkeno. Majivu yalikuwa yamekwisha kuanguka, nao walikuwa wakiendelea na safari yao.

Yafaa niseme pia kwamba jambo hili si la Wakristo peke yao. Wenzetu Waislamu nao hungojea kurudi kwa Nabii Isa, na rafiki yangu ninayelala naye kitanda cha juu na chini amenieleza kwamba kwao ujuzi wa Saa hiyo uko kwa Mwenyezi Mungu tu. Aliongeza kwamba kwa hiyo yeye atasoma kemia. Sikuwa na jibu.

Basi nimempelekea mwenyekiti wa klabu ya mdahalo hoja, naye ameikubali kwa muhula ujao: kwamba waumini watatwaliwa kabla ya dhiki kuu. Kila msemaji atakuja na Biblia wala si simu, na atakayetaja tarehe ataketishwa. Wazazi watakaokuja siku hiyo wanakaribishwa kuuliza maswali, na Babu amesema atakuja kama mvua itakuwa imenyesha. Wasemaji wa kuunga mkono wamekwisha kupatikana wawili, mmoja wao ni yule wa Septemba, aliyesubiri matokeo na kuahidi kurudi kututembelea. Wa kupinga bado tunatafuta. Wapeleke majina yao kwa katibu wa klabu kabla ya kufunga shule.