Homa ya Ini C: Misri na Bei ya Kupona

Mwezi Oktoba 2023, Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika kuutokomeza ugonjwa wa homa ya ini aina ya C. Heshima hiyo ina historia chungu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980, serikali iliendesha kampeni za sindano dhidi ya kichocho, kilichowatesa wakulima wa bonde la mto Nile. Mabomba ya sindano hayakutakaswa ipasavyo, yakatumika kwa mtu baada ya mtu, na virusi vikapita kimya kutoka damu hadi damu. Watu wengi mno waliambukizwa na mikono iliyokusudia kuwaponya.

Virusi hivi hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku ini likijaa makovu. Baadhi ya wagonjwa huishia kwenye saratani. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya sofosbuviri, inayozuia virusi kuzaliana. Ikitumiwa pamoja na dawa nyingine za aina yake, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona kabisa, kwa kawaida ndani ya majuma 12. Bei yake huko ilikuwa dola 1,000 kwa kidonge kimoja, yaani dola 84,000 kwa tiba nzima!

Misri ilijadiliana na kampuni ya Gilead, ikapata tiba hiyo kwa dola 900. Kisha viwanda vya nyumbani vikaitengeneza, bei ikashuka chini ya dola 100. Hatumwonei mgunduzi kijicho, kwani utafiti una gharama za kweli. Lakini Kanisa hufundisha kwamba haki ya kumiliki iko chini ya mafao ya wengi, na pengo kati ya 84,000 na 100 haliwezi kuelezwa kwa gharama ya kutengeneza kidonge.

Hata hivyo, bei nafuu haimfikii asiyejua kwamba anaumwa. Kuanzia Oktoba 2018, kwa miezi 7, Misri iliwapima watu karibu milioni 50, na walioambukizwa wakatibiwa bila malipo. Rwanda, jirani yetu, ilianza mpango wake wa kitaifa Desemba mwaka huohuo. Duniani kote, kati ya watu milioni 50 wanaoishi na ugonjwa huu, hadi mwaka 2022 ni 36 tu katika kila 100 waliokuwa wamepimwa na kugunduliwa.