Kikohozi Alichozaliwa Nacho Binti Yangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Binti yangu ana miaka 9 na hajamaliza wiki bila kukohoa makohozi. Alizaliwa miezi ikiwa imetimia, akawekewa oksijeni siku hiyo hiyo, na pua yake haijakauka tangu hapo. Mara mbili amemeza dawa za kifua kikuu, miezi 6 kila mara, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Eksirei ilionyesha moyo uko kulia. Tukaambiwa ni moyo mzima, twendeni nyumbani. Mama mkwe akalaumu maji baridi niliyokunywa wakati wa ujauzito, nami nikaamini.

Mwaka huu daktari bingwa mmoja aliitazama eksirei ile, akaniuliza habari za kuzaliwa kwake. Alinieleza kuwa njia za hewa zina vinyweleo vidogo mno, vinavyopigapiga usiku na mchana kutoa kamasi nje. Vinyweleo kama hivyo ndivyo humwamulia mtoto tumboni kipi kikae kushoto na kipi kulia. Vikiwa na kasoro, kamasi hulala mapafuni, na karibu nusu ya wagonjwa viungo vyao hugeuka upande. Manes Kartagener wa Uswisi aliwaeleza wagonjwa hawa mwaka 1933! Ni ugonjwa wa kurithi: mara nyingi baba na mama hubeba kasoro hiyo wakiwa wazima kabisa.

Ugonjwa hauponi, lakini ukijulikana mapema mtoto hufanyishwa mazoezi ya kutoa makohozi kila siku, hupewa antibayotiki kabla kifua hakijachafuka, na masikio yake huangaliwa. Sehemu ya pafu iliyokwisha kuharibika hairudi.

Naomba mambo mawili. Mwongozo wa zahanati uwe na mstari mmoja: mtoto mwenye kikohozi cha makohozi tangu kuzaliwa, hasa moyo ukiwa kulia, apewe rufaa. Na hospitali moja ya taifa iwe na kifaa cha kupima gesi ya naitriki oksaidi puani, ambayo kwa wagonjwa wengi wa aina hii huwa chini sana. Hakichomi sindano, mtoto wa miaka 5 anaweza kupimwa. Kipimo cha jeni kifuate kwa watakaoonekana kuwa nao.

Nakala ya eksirei nimeiacha masjala ya wizara. Tarehe iliyo pembeni ni ya siku yake ya tatu duniani.

Mama wa mgonjwa,
Tanga