HESABU NI ZETU PIA



Tangu 2012 M-Shwari hupima mkopo wa mtu kwa kuchambua alivyotumia M-Pesa na simu yake. Kilo za maembe na zamu ziandikwazo katika kiwanda cha Kalamba ni hesabu za namna hiyo: zikichambuliwa, humwonyesha tajiri msimu utajaa lini, nani aajiriwe na nani apunguzwe.

Hatupingi kupima. Lakini mashine huona siku uliyokosa kazi, haioni mtoto mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yatupa haki ya kujua habari zetu zinatumiwaje, na kutoamuliwa mambo makubwa na mashine peke yake.

Basi kila mwanachama aweke daftari lake la zamu. Akipunguzwa, aulize: kwa hesabu ipi?