Kijiko si Mwanamume

Chama chetu kimeandaa orodha ya maneno ya nyumbani kwa ajili ya wageni wa meza ya Jumamosi: akina dada waliokuja Ujerumani kulea watoto wa wenyeji kwa mwaka mmoja, kaka zetu wanaosomea uuguzi, na akina mama waliokaa hapa miaka mingi na sasa wanatakiwa wafanye mtihani wa B1. Nia ni njema. Lakini ukurasa wa jikoni unasema hivi: Löffel, kijiko, Gabel, uma, Messer, kisu. Basi. Sisi tunaoandika hapa, tuliokulia nchi hii na Kiswahili cha nyumbani, tunaomba orodha hiyo isichapwe ilivyo.

Neno limekatwa kichwa. Mjerumani hasemi Löffel tupu, ana der Löffel. Bila kuijua hiyo der huwezi kuomba kijiko (Gib mir den Löffel), huwezi kumwambia mtoto ale kwa kijiko (Iss mit dem Löffel), wala huwezi kutaka kikubwa (einen großen Löffel). Anayekariri neno bila der atalikariri mara ya pili baadaye, na mara ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu mdomo umeshazoea.

Lililo zito zaidi ni namna mambo haya yanavyoelezwa. Wageni wanaambiwa der ni ya kiume, die ni ya kike, das si ya huyu wala ya yule. Mama mmoja tunayemfahamu alimuuliza mwalimu wake wa kozi kijiko kimekuwaje mwanamume na uma ukawa mwanamke. Akajibiwa asiulize, akariri tu. Alirudi nyumbani akisema kichwa chake hakishiki sarufi. Mama huyo huyo husema “kijiko changu kikubwa kimeanguka, kiokote”, na kila neno linafuata ki- yake bila yeye kufikiri hata kidogo. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeambiwa hana kichwa cha sarufi?

Tuwaambie tu kwamba der, die na das ni ngeli. Kiswahili kimeweka kijiko na kisu katika KI-VI, na uma katika U-ZI, na wingi wake ni nyuma (ndiyo, nyuma za kulia, si nyuma ya mlango). Kijerumani kimevigawa vitu hivyo vitatu katika nyumba tatu: der Löffel, die Gabel, das Messer. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyewahi kuuliza kama uma ni wa kike. Anajua tu kwamba ni huu, na zikiwa nyingi ni hizi.

Mfano mzuri kuliko yote ni das Mädchen, msichana. Kozi nyingi huutaja kama kichekesho. Kwetu si kichekesho: ukimdogosha mtoto anakuwa kitoto, na kitoto hakilii kama mtoto, mtoto analia, kitoto kinalia. Udogo umemhamisha ngeli. Kijerumani hufanya vivyo hivyo kwa -chen, na kila kinachopata mkia huo huingia das. Der Löffel akidogoshwa ni das Löffelchen. Msichana wa Kijerumani yuko ngeli moja na kisu, na wala hajavunjiwa heshima.

Wingi nao. Der Löffel wakiwa wengi ni die Löffel, neno halibadiliki. Mgeni hushtuka, lakini meza ya Kiswahili hufanya hivyo kila siku: meza hii, meza hizi. Kinachosema ni neno la pembeni. Die Gabel huongeza -n, die Gabeln. Das Messer hubaki die Messer.

Wala wazo hili si la kwetu peke yetu. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezaliwa Berlin, aliandika tasnifu yake Bonn mwaka 1851 kwa Kilatini kuhusu majina katika lugha za kusini mwa Afrika, na ngeli aliziita genera. Ndilo neno Genus ambalo vitabu vya sarufi hapa hutumia leo kwa der, die, das.

Walimu wetu watasema ngeli na Genus si kitu kimoja, na wana haki. Kijiko kinavaa ki- yake usoni, Löffel haivai chochote. Tena der hugeuka den, dem na des kufuatana na kazi yake katika sentensi, na kwetu kijiko hubaki kijiko popote kilipo. Hapo ngeli haisaidii, na hatutaki mtu adanganywe. Den na dem zitaendelea kututoa jasho.

Tunataka kila neno liandikwe na der, die au das yake, na wingi wake, mkabala na umoja na wingi wa Kiswahili, pamoja na sentensi moja ya kawaida chini yake. Kurasa zitaongezeka, na mweka hazina ameshakunja uso. Faili linatakiwa mwisho wa mwezi. Jikoni tumemaliza. Sebuleni tunahitaji watu wawili, hasa anayeweza kuandika mstari wa das Sofa, maana nyumba moja husema sofa hili na nyingine sofa hii.